Kila Gunia kwa Mwenyewe

Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, Bwana Afya alifika kwa Fundi akiwa na karatasi mkononi, kufuli mfukoni, na uso wa mtu aliyekwisha kukata shauri. Fundi alikuwa katikati ya kushona kola, mguu ukikanyaga cherehani, midomo imebana pini tatu. Akamwashiria kwa kidole kwamba angoje amalize mshono. Bwana Afya hakungoja. Aliinama, akakivuta kikapu kilichokuwa chini ya meza ya kukatia, akayachambua mabaki ya vitambaa yaliyokuwamo. Kisha akatoa katika mfuko wake wa plastiki tepe nne zilizochafuka, akazipanga mezani kando ya zile safi za kikapuni. Khaki kwa khaki. Kijani kwa kijani. Drafti ya buluu kwa drafti ya buluu. Satini nyekundu kwa satini nyekundu.

"Vitambaa hivi ni vyako, Mama?"

Fundi alizitema pini kiganjani. "Ni vyangu. Mabaki ya sare za shule. Hiyo nyekundu ni ya majoho ya mahafali."

"Basi na lile lundo la kwenye kona ya transfoma ni lako."

"Lile ni la kikundi. Sisi ndio tunaookota taka za mji huu kila Jumamosi. Mwulize mtu yeyote."

"Nimemwuliza Mwenyekiti wenu jana." Bwana Afya aliikunjua karatasi yake. "Amenionyesha taarifa zake. Kila Jumatatu magunia ya kikundi yanachukuliwa na kupelekwa dampo. Ametia sahihi wiki zote tano. Lile lundo, anasema, hajui ni la nani."

"Ametia sahihi?"

"Kwa mkono wake mwenyewe."

Lundo lile lilikuwa la watu kumi na wawili, na Fundi alikuwa mmoja wao. Kwa miaka miwili walikuwa wakikutana Jumamosi mapema mbele ya ofisi ya posta, wamevaa glavu na viatu vya mpira, wakagawana mitaa, wakaokota chupa, vifuko, magazeti yaliyolowa, na vingine ambavyo mtu mwenye haya hawezi kuvitaja. Hapo mwanzo palizuka ugomvi wa ajabu. Magunia yote yalifanana, na kila mmoja alitaka ijulikane amejaza mangapi. Mwuza dawa alidai la mwalimu wa chekechea, mwalimu akadai la mwuza dawa, wakavutana gunia la uchafu barabarani kama watu wanaogombea urithi. Fundi ndiye aliyewapatanisha. Alikata tepe za vitambaa, akampa kila mtu rangi yake ya kufungia: mwalimu kijani, mwuza dawa zambarau, yeye mwenyewe kijivu, na Mwenyekiti, aliyekuwa mstaafu wa posta na mpenda makuu, akachagua satini nyekundu. Katibu, ambaye ni dada wa mume wake Fundi, alichukua drafti ya buluu na nyeupe, akalichora daftari kwa rula, akaanza kuandika nani kajaza mangapi. Tangu siku ile hapakuwa na ugomvi tena. Palikuwa na mashindano.

Na mashindano ndiyo yaliyowaponza. Magunia yalipangwa kwenye kona ya transfoma, yachukuliwe na gari la halmashauri Jumatatu. Jumatatu moja gari halikuja. Mtu mwenye akili angesimama hapo, akauliza, asingeongeza hata gunia moja mpaka gari lionekane. Wao waliongeza. Mwalimu wa chekechea alikuwa anaongoza, Mwenyekiti alikuwa anamfuata, na hakuna aliyekuwa tayari kupitwa. Wiki ya pili wakaongeza, ya tatu wakaongeza. Watu wa mji, walipoona taka zimepangwa mahali pamoja, walielewa kwamba sasa pale ndipo jalalani, wakaleta za majumbani mwao: nepi, matumbo ya samaki, godoro lililokojolewa na vizazi viwili. Kisha mvua ikanyesha, mfereji ukaziba, na maji meusi yakaingia zahanati, chumba kile kile ambamo watoto wachanga huchanjwa. Mama mmoja aliteleza akiwa amembeba mwanawe wa wiki sita. Mtoto alisalimika, mama akavunjika mkono.

Hilo ndilo lililomtoa Bwana Afya ofisini, na kwa hilo mtu hawezi kumlaumu.

"Taka za mahali pa biashara zikitupwa hadharani, biashara inafungwa," alisema. "Ijumaa saa nne utasikilizwa ofisini kwetu. Ukiwa na ushahidi, uje nao. Usipokuwa nao, leseni inafutwa."

"Humu ndani nina sare arobaini na tatu. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Chukua mkoba wako, Mama."

"Watoto wa watu watavaa nini?"

"Mkoba wako, tafadhali."

Alitoka na mkoba wake. Nyuma yake mlango ulifungwa, kufuli la halmashauri likatiwa, karatasi ikabandikwa palipokuwa na tangazo la vipimo na mitindo. Wapita njia walisimama kuisoma. Mmoja aliisoma kwa sauti, kituo kwa kituo, kana kwamba Fundi hayupo.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Alimkuta sebuleni amezungukwa na makasha ya fulana mpya, nyeupe, zenye jina la kikundi mgongoni. Jumamosi ile alikuwa anakuja mgeni rasmi kukitangaza kikundi chao kuwa cha kwanza kwa usafi katika wilaya nzima, na Mwenyekiti alikuwa amevaa fulana moja juu ya shati ili aone inavyomkaa.

"Karibu, Fundi. Hebu nitazame. Hapa begani hapajabana?"

"Duka langu limefungwa."

"Nimesikia. Nimesikitika sana, tena sana." Aliketi. "Hayo ni mambo ya kupita."

"Yatapita vipi? Twende Ijumaa ukamwambie Bwana Afya kwamba magunia ni yetu. Maneno matatu tu. Magunia ni yetu."

Mwenyekiti alianza kuikunja fulana iliyokuwa mapajani mwake, mkono juu ya mkono, kwa uangalifu mkubwa. "Fundi, wewe ni mtu mzima. Nikisema hivyo, zile taarifa zangu zitaonekanaje?"

"Zitaonekana za uwongo. Si ndivyo zilivyo?"

"Si uwongo. Niliandika kile kilichotarajiwa. Gari lilitarajiwa kuja."

"Mimi nikimtarajia mteja, naandika kwamba amevaa?"

"Ngoja Jumamosi ipite. Jumatatu nitakwenda mwenyewe, nitazungumza naye kiutu uzima, pembeni."

"Ijumaa leseni inafutwa."

"Leseni huombwa upya."

Fundi alimtazama mtu huyu, ambaye kwa miaka minane amempunguzia suruali zake kiunoni na kumwongezea kila alipokula vizuri, na asimwambie mtu yeyote. Alisimama akaondoka, na huku nyuma akamsikia akimwita mkewe aje alitazame bega.

Ilibaki njia moja. Daftari lilionyesha kila Jumamosi, kila jina, kila gunia, na daftari lilikuwa kwa wifi yake. Jumatano asubuhi alimkuta jikoni anachambua mchele kwenye sinia.

"Karibu, wifi. Leo umekuja mikono mitupu, hata uzi hukuniletea."

"Uzi umefungiwa dukani. Naomba daftari."

Wifi alitoa jiwe moja katika mchele, akalitupa dirishani. "Daftari lipi?"

"Wifi, usinichezee."

"Sichezi. Sijui nimeliweka wapi. Limepotea."

"Wewe ukipoteza daftari? Wewe unayejua idadi ya vijiko vyangu?"

"Vijiko vyako vilikuwa kumi na viwili, sasa viko tisa, na mimi sikuvichukua." Alicheka peke yake, kisha akaacha. Akaisukuma sinia kando. "Sikiliza. Mwenyekiti ameniomba. Jumamosi mimi ndiye ninayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Miaka yote hii nimekuwa nikiandika majina ya watu wengine. Mara moja tu nisimame na mimi, nionekane. Wewe ukinyamaza siku tatu utapungukiwa na nini?"

"Nitapungukiwa na duka."

"Kaka yangu akirudi safari atakufungulia jingine."

"Kaka yako alinioa. Hakunifungulia duka. Cherehani ile niliingia nayo nyumbani kwenu nimeibeba kichwani, na mama yenu akaniuliza kama nimekuja kuolewa au kupanga chumba."

"Marehemu mama umwache."

"Nimemwacha. Nipe daftari."

"Nimekwambia limepotea," alisema wifi, na akairudia sinia yake. Alichambua mahali pale pale alipokwisha kuchambua.

Usiku ule Fundi hakulia. Hasira iliyompata haikuwa ya machozi. Alifikiri juu ya watu wale kumi na mmoja, mmoja mmoja. Jinsi kila mmoja wao alivyolipita duka lake lililofungwa siku mbili hizi na kumpa pole kwa sauti ya chini, kama wampavyo mfiwa, na jinsi hakuna hata mmoja aliyesema, nitakwenda. Wote walikuwa wema. Walikuwa wakiamka mapema kuinama mbele ya uchafu wa watu wasiowajua, na Fundi alilijua jambo hilo, na kulijua kulimwongezea hasira badala ya kuipunguza.

Alhamisi alikwenda sokoni kumtafuta mbeba mizigo anayeitwa Taratibu, mwenye mkokoteni mpana kuliko yote. Jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia, hata siku soko lilipoungua.

Ijumaa, kabla jua halijatoka, wote wawili walikuwa kwenye kona ya transfoma wamejifunga vitambaa puani.

"Yote haya?" aliuliza Taratibu.

"Yenye tepe tu. Yasiyo na tepe yaache hapo hapo."

"Na godoro?"

"Godoro lina tepe?"

"Halina. Nilitaka kuhakikisha, maana nyumbani sina." Alilibeba gunia la kwanza kwa mikono miwili, akalitazama. "Hili la kijani ni la nani?"

"La mwalimu wa chekechea. Yako tisa. Tutaanza na yeye, ni mtu wa kuamka mapema."

Waliyapanga magunia tisa mbele ya lango la mwalimu, wima, kama watoto wa foleni, tepe zikitazama barabarani. Mwalimu alitoka na mswaki mdomoni.

"Fundi, ni nini hiki?"

"Ni magunia yako, Mwalimu. Nimekurudishia."

"Mimi si mchafuzi. Niliokota."

"Najua uliokota. Uliyaokota kwa moyo safi, yapokee kwa moyo huo huo. Saa nne kuna kikao kuhusu magunia haya. Ukiwa na la kusema, kalisemee kule."

"Lakini taka si zangu," alisema mwalimu, povu la dawa ya meno likimdondoka kidevuni.

"Wala si zangu. Ila duka lililofungwa ni langu."

Mwuza dawa aliletewa saba, akatishia kuita polisi, na Taratibu akamwuliza kama polisi nao watahitaji mkokoteni. Fundi mwingine, wa viatu, alipokea manne, akayaangalia, akaingia ndani kutafuta kofia yake. Mama wa mgahawa alilia. Wateja wake wa chai walikuwa wameanza kuingia na gunia moja lilikuwa linavuja. Fundi alimwonea huruma, na hakulipakia tena. Wifi yake aliletewa sita. Hakuwa amefungua mlango bado. Fundi aliyapanga kwenye kizingiti, matatu huku, matatu kule, akaacha njia ya kupita mtu mwembamba.

"Wifi yako si mwembamba," alisema Taratibu.

"Atapita upande."

Mwenyekiti walimfanya wa mwisho. Satini yake ilikuwa bado inang'aa, hata baada ya mvua za wiki tano, na mtu angeweza kuyaona magunia yake manane kutoka mwisho wa mtaa. Waliyaweka barazani, juu ya sakafu aliyoipaka rangi upya kwa ajili ya mgeni rasmi. Alitoka na kanzu ya kulalia, akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, majirani wanatazama."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nimekuja mchana kweupe ili watazame."

Ya kijivu, matano, aliyapeleka mbele ya mlango wake mwenyewe, chini ya kufuli. Yalikuwa yake, aliyajaza kwa mikono yake, na hakutaka mtu amwambie kwamba amejipendelea. Saa tatu na nusu alinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka kwenye viwiko, akavaa gauni safi, akaenda ofisini.

Hakungoja peke yake kwa muda mrefu. Kwanza aliingia mwuza dawa, akitweta. Akaja mwalimu wa chekechea, akaja mama wa mgahawa na aproni yake, akaja wifi amekishika kibeti chake kama ngao, wakaja wengine, mpaka benchi likajaa na waliobaki wakasimama ukutani. Hakuna aliyemsalimu. Mwenyekiti aliingia wa mwisho, amevaa koti, akabaki karibu na mlango.

Bwana Afya aliwatazama. "Nimemwita mmoja. Ninyi mmekuja kwa shauri gani?"

"Tumekuja kumshitaki huyu," alisema mwuza dawa. "Amenimwagia magunia saba mlangoni. Nauza dawa mimi. Wagonjwa wanaruka uchafu kuja kutafuta dawa ya kuhara."

"Mimi tisa," alisema mwalimu. "Wazazi wanaleta watoto, wanaona magunia."

"Mimi linavuja," alisema mama wa mgahawa.

"Magunia ya nani?" aliuliza Bwana Afya.

"Tuliyoyajaza sisi. Yalikuwa kwenye kona ya transfoma, yametulia, yanangoja gari. Nani alimtuma ayaguse?" alifoka mwuza dawa.

Bwana Afya aliiweka kalamu chini. Mwenyekiti alikohoa. "Anachokusudia mwenzetu ni kwamba, kwa upande mmoja—"

"Ninachokusudia nimekisema," alikatiza mwuza dawa, ambaye damu ilikuwa imempanda na hakuwa tena mtu wa kuzuiwa. "Tena kanionea. Kaniletea saba. Mimi nilijaza matano. Mawili ni ya mtu mwingine, kanibambikia."

"Ni saba," alisema wifi.

Ilimtoka tu. Miaka miwili aliandika kwa rula na kalamu mbili, nyeusi ya majina na nyekundu ya jumla, na hakuna aliyewahi kumkosoa hata tarakimu moja.

"Matano," alisema mwuza dawa. "Uliandika vibaya."

"Mimi? Mimi niandike vibaya?" Kibeti kilikuwa kimekwisha funguka, na daftari lilikuwa mkononi. "Jumamosi ya kwanza moja, ya pili mawili, ya tatu moja, ya nne moja, ya tano mawili. Saba. Zambarau. Soma mwenyewe, kama macho yako hayajaisha kwa kusoma vibandiko."

Daftari lilipita mkono kwa mkono, kwa sababu kila mtu alitaka kuona hesabu yake, mpaka likafika mezani kwa Bwana Afya. Hapo ndipo wifi alipoelewa alichokifanya. Aliketi polepole. Hakumtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti hakuwa na mtu wa kumtazama.

Bwana Afya alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akazitoa zile taarifa tano, akazilaza kando ya daftari, tarehe kwa tarehe, kama alivyolaza tepe Jumanne. "Mwenyekiti," alisema, "wewe utabaki. Wengine mwende mkayatoe magunia milangoni kwenu, myaweke ndani ya uzio wenu, mpaka gari lije." Akaandika mistari miwili, akagonga muhuri, akamsogezea Fundi ufunguo. "Mama, unaweza kufungua."

Fundi hakuuchukua. "Gari lenyewe liko wapi?"

"Hilo si la leo."

"Nilijua utasema hivyo." Alinyosha mkono kuelekea dirishani. Uani, nyuma ya ofisi ile ile, gari la taka la halmashauri lilikuwa limesimama chini ya mwanga wote wa saa nne, majani yamelifika kwenye ekseli, na mtu alikuwa ameanika shuka kwenye kioo chake cha pembeni. "Wiki tano linaonekana kutoka kitini kwako. Mimi ulinifungia kwa vipande vinne vya kitambaa. Kwa lile umemfungia nani?"

"Halina betri," alisema Bwana Afya. "Nimeandika barua mbili."

"Ulitaja ndani yake kwamba kuna mtu amevunjika mkono?"

Bwana Afya alilifunga daftari. Fundi aliuchukua ufunguo wake akatoka, na hakumshukuru, kwa kuwa hakuona amepewa kitu ambacho si chake.

Saa tano kasoro alilitoa kufuli, akayaburura magunia yake matano mpaka uani, akanawa tena, akaketi. Sare kumi na tisa zilikuwa hazijakamilika. Alishona bila kuinua kichwa. Nje, mji uliendelea kumsema: walisema ana roho mbaya, walisema amewavunjia heshima watu wanaojitolea, walisema Jumamosi mgeni rasmi haji tena na fulana zitavaliwa kulalia. Mwuza dawa alipita akatema mate barabarani, mbali kidogo na mlango. Fundi aliyasikia yote hayo kupitia mlio wa cherehani, na kila neno lilimwongezea mwendo.

Saa kumi wifi alisimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekuja kuchukua sketi ya mwanangu."

Fundi aliivuta katika rundo, akaitupa juu ya meza. "Upindo haujapigwa."

"Umetudhalilisha mji mzima. Risala yangu niliikariri wiki mbili."

"Mimi nilikuja kwako Jumatano. Ulikuwa na daftari kibetini?"

Wifi aliigeuza sketi upande wa ndani, akautazama upindo.

"Nimekuuliza. Ulikuwa nalo?"

"Lilikuwa chini ya sinia," alisema wifi.

Fundi alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akaukata uzi kwa meno. "Nina sare za watoto ambao mama zao hawakunifungia duka. Nashona hizo kwanza. Sindano ile pale, na uzi wa buluu uko kwenye kopo."

Wifi alingoja kidogo, kama mtu anayetumaini kuambiwa kwamba ule ulikuwa utani. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango penye mwanga, akachukua sindano. Macho yake yalikwisha dhoofu kwa vitu vya karibu tangu mwaka juzi, na Fundi ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kila alipotaka kushona kitu. Wifi aliulamba uzi, akalikosa tundu. Akaulamba tena, akalikosa. Fundi alimwona vizuri kabisa kutoka pale alipokuwa, na aliendelea na kola yake.